Karuho Haikutoka Idjwi

Kwanza mjue mimi ni nani, ili mjue aibu hii iliniangusha kutoka urefu gani. Mimi ni Bisimwa, mtoto wa mjane wa Kabare, mama aliyekuwa akishuka kila asubuhi na kikapu cha maharage mgongoni hadi soko la Kadutu, mjini Bukavu. Sikuwa na mjomba waziri wala padri wa kunisukuma. Nilisukumwa na kichwa changu. Shule ya misheni nilikuwa wa kwanza, sekondari nilikuwa wa kwanza, na serikali iliponilipia masomo ya Liège, Ubelgiji, nilikaa huko miaka mingi katika baridi inayopasua midomo, nikarudi na diploma ya barabara na madaraja ambayo mpaka leo imetundikwa sebuleni kwangu. Nilijenga nyumba Nguba, na kila dirisha lake linatazama ziwa. Nilirudi na frigo, yaani friji, ndefu kuliko mama yangu. Wakati ule wa Zaïre, tulipokuwa tukiitana citoyen, yaani mwananchi, na kuvaa abacost, koti lisilo na tai, abacost yangu ilishonwa Ubelgiji, na sikuona sababu ya kuificha.

Mtu wa namna hiyo akiugua, mji mzima unataka kujua kimempiga nini. Ninaandika kwa ajili yenu ambao macho yenu yamegeuka manjano sasa hivi, na jamaa wamekaa sebuleni wakinong'onezana majina ya watu. Ugonjwa wangu unaitwa hepatitis B, homa ya ini. Wapo waliosomea kuueleza, na mimi si mmoja wao. Nitasema tu jinsi ulivyopita nyumbani kwetu.

Ulianza kiangazi, nikisimamia kazi ya barabara inayokwenda Minova kando ya ziwa. Nilichoka uchovu wa mtu aliyebebeshwa mfuko wa simenti asiouona. Harufu ya nyama ya kuchoma, ambayo zamani ingenitoa nyumbani kwa miguu, ilinigeuza tumbo. Ngozi iliniwasha bila vipele. Mkojo wangu ulikuwa rangi ya chai kavu iliyosahauliwa motoni. Sikumwambia mtu. Nilifikiri ni jua.

Kapita wangu, mtu wa Walungu aliyekuwa akiongoza vibarua, ndiye aliyesema.

"Patron, macho yako iko sawa ndizi ya kuiva."

Nilimjibu aangalie mteremko wa mtaro, asiangalie macho yangu. Alipoondoka nilijitazama katika kioo cha jeep. Alikuwa amesema kweli.

Siku iliyofuata nilivaa miwani ya jua. Niliivaa ofisini, niliivaa mezani, niliivaa kanisani mbele ya padri. Watu walisema bwana huyu Ulaya imempanda kichwani, nami niliwaacha waseme. Kiburi nilijua kukibeba. Ugonjwa sikujua. Pale Bukavu mwanamume mwenye macho ya manjano hupewa sababu mbili: ni pombe, au ni wanawake. Wanaompenda humpa sababu ya tatu, nayo ni karuho.

Kwa asiyetoka kwetu, karuho ni sumu ambayo watu husema hutiwa katika kinywaji au chakula, na haiui siku hiyo. Inamkausha mtu polepole, huku aliyemtilia akija kumpa pole. Ndiyo maana kwetu mwenye nyumba akikuletea kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, yeye huonja kwanza mbele yako. Asiyeonja, humnywei. Desturi hiyo niliikuta nilipozaliwa, na watoto wadogo wanaijua kabla ya kujua Baba Yetu.

Mama alikuwa bado anakaa Kabare. Alikuja kunisalimu na kikapu chake, akanikuta kibarazani na miwani yangu. Hakuuliza. Alinivua kwa mkono wake, kama mtu anayemfuta mtoto kamasi, akaniangalia jicho hili na lile. Kisha akakaa sakafuni, na viti vyangu vyote vilikuwa wazi.

"Ni ile ya Mugisho," alisema.

Mugisho alikuwa kaka yangu mkubwa, aliyemfuata ni mimi, kisha dada yetu Nabintu. Alikuwa mpasua mbao, mtu wa kubeba ubao ambao wengine walibeba wawili wawili. Nilipokuwa sekondari macho yake yaligeuka, tumbo likavimba kama la mwanamke wa siku zake, miguu ikabaki vijiti. Alikufa hivyo. Kabla ya kuugua alikuwa amekula karamu kwa shangazi yetu Nsimire, dada ya marehemu baba. Basi pale kaburini Mama alinyanyua mkono akamwonyesha Nsimire kidole mbele ya watu wote. Hakuna aliyeuliza ushahidi. Kidole cha mama mbele ya kaburi la mwanawe kinatosha.

Tangu siku hiyo pombe ya Nsimire ilimwagwa. Binti yake aliyekuwa ameposwa Kabare alivunjiwa uchumba. Mwishowe Nsimire alivuka ziwa, akaenda kukaa kisiwani Idjwi, akalima mananasi.

Niliporudi kutoka Ulaya alinipelekea kikapu cha mananasi hayo kwa mkono wa mtu wa mtumbwi, na salamu za kufurahi kwamba damu ya kaka yake imesoma. Mama alisema yatupwe. Mimi niliyakata mbele ya wageni, nikayala, ili waone kwamba mtu wa diploma haogopi nanasi. Kisa hicho nilikisimulia katika karamu nyingi, na kila mara watu walicheka.

Sasa Mama aliniuliza kutoka pale sakafuni: "Ile mananasi, ulikula?"

"Nilikula."

"Yote?"

"Yalikuwa matamu, Maman."

Hakucheka. Mimi pia sikucheka.

Ningekuwa mtu yule niliyejidai kuwa, ningekwenda hospitali siku hiyohiyo. Nilikwenda kwa mtu anayetoa karuho mwilini, kwenye kilima nyuma ya mji. Mama alitangulia, mimi nilifuata na fimbo, na Nabintu alinishika kiwiko. Nabintu ndiye kitinda mimba wetu, mwalimu wa shule ya msingi, ana mdomo ambao hata wakaguzi wanauogopa. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, baada ya kuingoja hadi watu walianza kumwangalia vibaya.

Yule mtu alinipigisha magoti nyuma ya zizi lake, akaninywesha maji meusi machungu, nikatapika kwenye beseni mpaka nikadhani nitatoa na majina yangu. Mbuzi alikuwa amefungwa pale pale, akinitazama.

"Ingénieur muzima anatapika mbele ya mbuzi," Nabintu alisema. "Angalia, ata mbuzi iko na huruma."

Nilicheka, na kicheko kikanirudisha kwenye beseni. Mganga alichokoa humo kwa kijiti akatoa kitu cheusi kama uzi. Akatuonyesha: hiyo ndiyo karuho, imetoka. Kisha akatoa wembe kwenye kiberiti, akaufuta kwa majani, akanichanja ubavuni ili mabaki yatokee hapo. Aliyetangulia kabla yangu alikuwa amechanjwa kwa wembe huohuo. Nilimwona. Mimi ambaye nawafokea mafundi wangu kwa koleo isiyooshwa, nilinyoosha ubavu na kutulia.

Na hiyo si aibu kubwa ya siku ile. Kubwa ni kwamba nilimwamini. Nilishuka kilima nikiwa mwepesi, kwa sababu ugonjwa wangu ulikuwa umepata jina la mtu, na mtu huyo alikuwa mbali, ng'ambo ya maji.

Wepesi huo haukudumu. Yale maji meusi nilinyweshwa tena mara nyingine, na kila mara yaliniacha chini zaidi. Miguu ilivimba. Nikibonyeza kidole kwenye ugoko, shimo lilibaki kama kwenye udongo wa mfinyanzi. Tumbo lilijaa. Mke wangu Faida alisogeza vifungo vya abacost, akavisogeza tena, huku kola ikinipwaya shingoni hata mkono ungepita. Mwili wangu ulikuwa umeamua kunenepa mahali pamoja na kukonda kwingine kote. Siku moja mwanangu mdogo aliniuliza kama na mimi nitazaa kama tantine, shangazi yake Nabintu. Faida alimtoa nje, akarudi, akasema kwamba keshokutwa tunakwenda hospitali, na nikikataa atanipeleka kwenye mkokoteni mchana kweupe watu wote waone. Faida ananijua. Nilikwenda.

Mvua za Septemba zilikuwa zimeanza. Chumba cha kungojea kilikuwa na benchi refu la mbao na harufu ya nguo zilizonyeshewa. Nilizoea kupita mbele katika kila ofisi ya mji huu, lakini pale muuguzi alisema kila citoyen angoje zamu yake, na alisema akiniangalia. Mama mmoja aliyekuwa kando yangu alinichungulia chini ya miwani, akahamishia mtoto wake goti la pili. Mzee mmoja aliniuliza kwa upole kama nilikuwa nikinywa sana. Nilitaka kumwambia kuhusu diploma. Nilisema ndiyo, kidogo, maana jibu lile lilikuwa fupi.

Daktari alikuwa mwanamke wa Mwenga, mfupi, mwenye sauti ya chini. Nilimweleza habari zangu zote kwa Kifaransa safi, pamoja na ile ya mananasi, ili ajue anaongea na nani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu kwa Kiswahili.

"Papa, ile nanasi haina kosa. Mama yako iko muzima?"

Sikutegemea swali hilo. Nilisema ndiyo.

"Mulizaliwa wangapi? Kuna mwenye alikufa na tumbo ya kuvimba?"

Nilimtaja Mugisho, na nadhani alishajua. Alichukua damu. Kabla ya kutoka alinikataza pombe, na maji ya waganga akayakataza kwa ukali zaidi ya pombe.

Majibu yalikuja mvua zikiwa zimekolea. Aliyasema polepole. Ugonjwa huu unakaa ndani ya damu, unaweza kulala humo miaka na miaka bila alama yoyote. Mara nyingi mtoto huupata siku ile ile anayozaliwa, katika damu ya mama ambaye naye hajui kwamba anao. Au watoto wa nyumba moja wanapeana wakiwa wadogo, kidonda kwa kidonda, wembe kwa wembe. Haupiti katika sahani wala kikombe. Haupiti kwa kukumbatiana.

Aliposema wembe, mkono wangu ulipanda kifuani wenyewe. Chini ya shati nina mistari midogo. Tulipokuwa wadogo, tukikohoa au tukipata homa, Mama alituchanja kifuani na kupaka majivu ya dawa. Wembe ulikuwa mmoja, wa baba, umechomekwa kwenye nyasi za paa. Mugisho alianza kwa sababu ndiye mkubwa, kisha mimi, kisha Nabintu akiwa mgongoni. Liège wenzangu waliponiuliza kuhusu mistari hiyo niliwaambia ni alama za ukoo wa kifalme. Waliniheshimu sana.

Kwa dakika moja nilifurahi pale kwa daktari. Si pombe, si wanawake. Nikaona nitaweza kuvua miwani. Kisha nikafahamu kwamba mzigo niliotua unakwenda kwa Mama, nikaona haya hata kwa kiti nilichokalia.

Daktari alitaka kuona damu ya Mama, ya dada yangu, ya mke na ya watoto. Nilipotaja kwamba Nabintu ana mimba, aliweka kalamu chini.

Nilimwambia Mama kwamba daktari anahitaji damu ya ukoo ili anitibu vizuri. Alinyoosha mkono wake mwembamba kwa furaha, akamwambia muuguzi kama itamsaidia mutoto wake, atoe yote. Faida na watoto walitoka salama. Mama alikuwa na ugonjwa huo. Nabintu alikuwa nao.

Sasa jambo lilikuwa hili. Mtoto wa Nabintu angeweza kukingwa, lakini ilibidi achomwe chanjo mara tu anapozaliwa, bila kungoja, kisha arudiwe mara mbili. Akikosa, huenda angeupokea kama sisi tulivyoupokea, na siku moja naye macho yake yangegeuka. Chanjo yenyewe siku zile haikupatikana Bukavu. Hapo, niruhusuni nijisifu, diploma yangu ilifanya kazi. Nilimwandikia niliyesoma naye Liège, akaituma kwa ndege mpaka Kamembe, ng'ambo ya mto Ruzizi, nikaenda kuipokea kwa mkono wangu, imelazwa kwenye barafu. Nilitoa bia zote kwenye frigo yangu maarufu na kuvipanga vichupa vile katikati, peke yavyo. Wageni waliouliza bia walipewa maji.

Lakini mama mkwe wa Nabintu alikataa. Alisema mjukuu wake hatachomwa sindano siku ya kuzaliwa kwa ugonjwa asiokuwa nao. "Mutoto hajalia ata kilio ya kwanza, munataka kumuchoma?" aliuliza, na kusema kweli lilikuwa swali la haki. Mumewe Nabintu ni mtu mwema, na wema wake wote umekaa chini ya mama yake. Kumshawishi bibi huyo kulihitaji kumwambia sababu. Ukimwambia kwamba mtoto ataupata kwa Nabintu, atauliza Nabintu aliupata kwa nani. Na likishasemwa hilo huko, litarudi Kabare kabla ya jua kuzama: kwamba Mugisho hakutiliwa sumu na mtu, na kwamba Nsimire alifukuzwa bure.

Mama alikuwa hajui lolote. Nabintu aliniambia: "Umwambie wewe. Wewe njo wa diploma." Njo kwetu ni ndiye.

Nilichelewa. Nilisema ngoja mvua ipungue, ngoja nipate nguvu. Tumbo la Nabintu halikungoja.

Hatimaye nilimkuta Mama kibarazani kwangu anachagua maharage kwenye ungo. Nimejenga madaraja yanayopitisha malori, lakini sentensi zile chache zilinishinda kuziunganisha. Nilianzia damu, nikaja wembe, nikaja kuzaliwa. Mama hakuinua macho. Vidole vyake viliendelea kutenga mawe, moja moja, akiyaweka kando ya paja lake. Nilipomaliza, aliutikisa ungo, akauweka chini.

"Basi karuho ni mimi," alisema.

Nilimwambia hapana, hii si sumu, hakuna mtu aliyeitia, yeye mwenyewe aliipata mahali bila kujua, labda kwa mama yake.

"Usinipe maneno ya Bulaya. Mugisho alitoka ndani yangu na ile kitu. Na miye nikamuonesha Nsimire na kidole."

Kuanzia siku ile Mama alijitenga. Alitaka sahani yake peke yake, kikombe chake peke yake, akaviosha mwenyewe na kuviweka dirishani. Watoto wangu walipomkimbilia alinyanyua mikono juu, kama mtu aliyeshika masizi. Nilirudia maneno ya daktari mpaka nikachoka. Angeyaamini vipi? Kwa miaka yote ile yeye ndiye aliyefundisha watu kumwaga kinywaji cha mwenzake. Faida naye, ambaye alisikia kwa daktari kwa masikio yake, nilimkuta jikoni anachemsha kikombe cha Mama. Tuligombana kwa kunong'ona. Halafu akalia, akakimwaga kile chungu, akaenda kumketisha mwanetu mdogo mapajani mwa Mama kwa nguvu. Mama alikaa na mikono hewani muda mrefu. Mtoto alipoanza kusinzia, mikono ilishuka yenyewe.

Jumapili iliyofuata alivaa kitenge chake kizuri, akaniambia nimpeleke kwa wakwe wa Nabintu. Tulipofika alikataa kukaa. Alisimama katikati ya sebule ya watu, na mimi nyuma yake na tumbo langu.

"Ugonjwa ya Bisimwa, miye njo nilimupa," alisema. "Na Nabintu nilimupa. Wa kwanza nilishamuzika. Sikujua. Leo najua. Mumuchome ule mutoto sindano."

Mama mkwe yule alikuwa amejiandaa kwa mabishano, nilimwona. Badala yake alikwenda ndani, akarudi na kiti chake mwenyewe, kile chenye mto, akamwekea Mama nyuma ya magoti mpaka akakaa.

Mtoto alikuja karibu na Noeli, asubuhi, umeme ukiwa umekatika Nguba nzima. Nilivitoa vichupa kwenye frigo iliyoanza kutoa jasho, nikavizika kwenye termosi yenye barafu, nikaenda maternite, wodi ya wazazi, kwa miguu kwa sababu gari lilikuwa bila mafuta. Kila niliyekutana naye alinisalimu. Mmoja aliniuliza, Ingénieur, unapeleka chai? Nilisema ndiyo, chai. Nilipumzika kwenye kila ukuta. Sijawahi kubeba kitu kwa heshima namna ile, hata diploma.

Alikuwa msichana. Muuguzi alimchoma pajani, akapiga ukelele wa kuvunja madirisha.

"Lia, mama," Nabintu alimwambia. "Kwetu walilia juu ya mambo mukubwa kuliko hiyo."

Mimi nilipona kwa hatua za chanjo za yule mtoto. Alipochomwa ya pili, vidonge vya kukojoza maji vilikuwa vimenishusha tumbo, na nilifunga viatu vyangu mwenyewe. Alipochomwa ya tatu, kiangazi kilikuwa kimerudi, vumbi na moshi wa mashamba, na Faida alivirudisha vifungo mahali pao. Asubuhi moja nilijitazama kwenye kioo cha jeep nikaona weupe. Kapita alinipongeza. Msidhani nimepona kabisa. Ugonjwa umo, umelala, nami naishi kwa adabu ili nisiuamshe: nina wembe wangu peke yangu, sinywi pombe, narudi kwa daktari kila msimu. Mwishoni mwa kiangazi damu ya mtoto ilipimwa. Ilikuwa safi.

Mama alikuwa akingoja jibu hilo. Alikuwa amekataa kuvuka ziwa kabla yake, akisema hawezi kwenda kwa Nsimire na mikono mitupu. Tulipanda boti ya mota, yeye, Nabintu na mtoto wake, na mimi. Mama hajui kuogelea, alishika ubao mpaka vidole vikawa vyeupe.

Shangazi Nsimire tulimkuta shambani. Alikuwa amezeeka wima, jembe begani. Alitutazama tukipanda kilima chake kama mtu anayehesabu amebakiwa na nini cha kunyang'anywa. Hata hivyo mgeni ni mgeni. Alitukalisha, akaleta kibuyu cha kasiksi na mrija mmoja. Kisha akapiga goti kuonja kwanza, akavuta pombe kwa muda mrefu, mrefu kupita desturi, kama alivyozoea tangu siku ile ya kaburini, na akajitayarisha kuvuta tena.

Mama alifunika mdomo wa kibuyu kwa kiganja.

"Usionje tena," alisema.

Shangazi alinyanyuka polepole. Alidhani anakataliwa tena. Aliuliza kama tumevuka maji yote yale kuja kumwaga pombe yake nyumbani kwake.

"Nsimire, mulamu wangu," Mama alisema, kwa jina ambalo mawifi wanaitana kwetu. "Haikukuwa weye. Ni miye. Ile kitu ilitoka kwangu, ilipita ku batoto yangu. Siku hizi ni miye wa kuogopa."

Nilieleza yaliyobaki, kwa ufupi, macho yangu yakiwa chini. Shangazi alinisikiliza akimtazama Mama. Nilipomaliza hakulia wala hakutukumbatia.

"Binti yangu alizeekea hapa," alimwambia Mama. "Hakuna mwanaume wa Kabare alimutaka. Ile hautanirudishia."

"Sitakurudishia," Mama alijibu.

Mtoto wa Nabintu alikuwa akitafuna ncha ya kitenge. Baadaye shangazi aliniuliza, bila kunigeukia: "Murija, docteur alisema nini?"

"Murija hauna shida, Tante. Kunywa pamoja hakupitishi kitu."

Akausukuma mrija kwa Mama. "Kunywa basi."

Mama alisita. Alikunywa kidogo tu, akauachia haraka. Shangazi alivuta kibuyu kwake, akauchukua mrija uleule bila kuufuta, akanywa. Kisha akampa tena.

Mimi, kwa sababu ya amri ya daktari, sikupewa kibuyu. Shangazi aliingia ndani, akarudi na nanasi na kisu, akanikatia vipande vinene juu ya jani la mgomba. Nilivila vyote mbele yake, maji yakinitiririka mpaka kwenye kola ya abacost ya Ubelgiji, na sikuyafuta.